Mafaili Yaliyofichwa katika Kompyuta: Yapi Yaachwe na Yapi Yatafutwe

Mteja anaingia katika steshenari mojawapo ya Kariakoo, pembezoni mwa Mtaa wa Msimbazi, akiwa na flashi mkononi. Anataka kuchapisha nakala tatu za andiko la mradi alilolihangaikia kwa miezi miwili. Flashi inachomekwa. Badala ya folda zake, kioo kinaonyesha alama ndogo zenye mshale, kila moja ikiwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili, na zikibonyezwa hazifunguki. Mhudumu anatikisa kichwa. "Dada, mafaili yote yameliwa na kirusi. Hapa ni kufomati tu." Foleni nyuma yake ni ndefu, naye hana la kujibu, basi anakubali. Dakika moja baadaye flashi iko tupu kama ilivyotoka dukani.

Tumeanza na mfano huu kwa kuwa ndani yake mna hasara ambayo ingeweza kuepukika kabisa. Kirusi hakikuwa kimekula kitu. Andiko la mradi lilikuwa ndani ya flashi ile, zima, hadi pale kitufe cha kufomati kilipobonyezwa. Lilikuwa limefichwa tu. Na kama mteja angeangalia jambo moja dogo angeligundua hilo mwenyewe: kiasi cha nafasi iliyotumika. Flashi ya gigabaiti 8 iliyoliwa mafaili yake yote ingeonyesha kwamba iko karibu tupu. Flashi inayoonyesha kwamba gigabaiti 6 zimetumika, huku kioo kikiwa na alama chache zisizofika hata kilobaiti 20 kwa jumla, inasema wazi kwamba mali bado imo ghalani.

Neno "kufichwa" katika kompyuta lina maana mahususi, na mtumiaji akilielewa anajiokoa na hasara za namna mbili zinazokinzana: hasara ya kufuta kitu ambacho mfumo ulikificha kwa sababu njema, na hasara ya kukata tamaa juu ya kitu chake mwenyewe kilichofichwa na mhalifu.

Alama mbili ndogo

Kila faili katika kompyuta inayotumia Windows hubeba alama chache zisizoonekana ambazo huuambia mfumo jinsi ya kulichukulia. Utaratibu huu ni wa zamani, umerithiwa kutoka mfumo wa MS-DOS wa miaka ya 1980. Moja ya alama hizo husema "faili hili lisomwe tu, lisibadilishwe". Nyingine husema "faili hili lisionyeshwe". Ya tatu husema "faili hili ni la mfumo wenyewe". Faili lenye alama ya kutoonyeshwa halijahamishwa, halijafungwa kwa nywila wala halijabadilishwa chochote. Ni kama jina lililorukwa katika kuita mahudhurio: mwanafunzi yuko darasani, ila mwalimu hakumtaja.

Faili lenye alama zote mbili, ya kufichwa na ya mfumo, hufichwa mara mbili. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Mtumiaji husikia kwamba akifungua dirisha la mafaili, akabonyeza View, kisha Show, kisha Hidden items, vilivyofichwa vitaonekana. Katika Windows 10 kipengele hicho kiko moja kwa moja chini ya View. Anafanya hivyo, lakini folda zake hazionekani. Anahitimisha kwamba kweli zimeliwa. Kumbe Windows ina pazia la pili kwa ajili ya mafaili ya mfumo, nalo huondolewa mahali pengine, katika chaguo za folda, kwa kutoa tiki kwenye mstari usemao Hide protected operating system files. Virusi vya flashi hubandika alama zote mbili kwa makusudi, ili pazia la kwanza likiondolewa pasionekane kitu.

Wanaotumia Linux wana utaratibu tofauti: huko, faili lolote ambalo jina lake linaanza na nukta huchukuliwa kuwa limefichwa, basi. Ndiyo maana flashi iliyoharibiwa kwa namna tuliyoieleza, ikichomekwa katika kompyuta ya Linux, huonyesha folda zote kana kwamba hakuna kilichotokea. Linux haizijali alama za Windows. Mwenye rafiki anayetumia mfumo huo ana njia nyepesi ya kujihakikishia kwamba kazi yake ingali hai kabla hajakubali neno la fundi yeyote.

Mafaili ya mtu yanapofichwa na kirusi

Kirusi cha aina hii, ambacho mafundi wetu hukiita kirusi cha shotikati, hufanya kazi kwa hila nyepesi. Kikiwa katika kompyuta ya steshenari, ya ofisi au ya chuo, hungoja flashi ichomekwe. Ikichomekwa, huzibandika folda zote alama za kufichwa, kisha huweka badala yake njia za mkato zenye majina yale yale na sura ile ile ya folda. Mwenye flashi akirudi nyumbani akabonyeza kile anachodhani ni folda yake, njia ile ya mkato hukiendesha kirusi kwanza, halafu humfungulia folda halisi. Yeye haoni tofauti. Kompyuta yake sasa imeambukizwa, na kila flashi itakayochomekwa humo itapatwa na hayo hayo. Baadaye, kirusi kikishafutwa na programu ya ulinzi, njia za mkato hubaki zikielekeza mahali pasipo na kitu, nazo hazifunguki tena. Hapo ndipo mtu husema mafaili yameliwa, wakati hatari kubwa ilishapita siku nyingi.

Hili si tatizo la Dar es Salaam peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2017, polisi wa Ulaya na Marekani wakishirikiana na kampuni ya Microsoft waliuvunja mtandao wa kompyuta zilizotawaliwa na kirusi kiitwacho Gamarue au Andromeda, ambacho mojawapo ya njia zake za kuenea ilikuwa hii hii ya flashi. Kwetu tatizo hudumu zaidi kwa sababu flashi yetu husafiri sana. Asubuhi iko steshenari, mchana iko ofisini, jioni iko kwa jirani mwenye printa, na mwisho wa juma inachomekwa kwa kijana anayeweka nyimbo na filamu.

Namna ya kuyarudisha mafaili hayo ni fupi, wala haihitaji kununua programu. Kwanza isafishwe kompyuta, kwa kuwa ukiyafichua mafaili katika kompyuta yenye ugonjwa yatafichwa tena papo hapo. Windows tangu toleo la 8 huja na programu yake ya ulinzi, Defender, bila malipo ya ziada. Ifunguliwe, ifanyiwe masasisho, kisha iamriwe kukagua kompyuta yote pamoja na flashi. Ukaguzi huo unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na asiye na subira hapa hurudi kulekule alikotoka.

Baada ya hapo, angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Katika kisanduku cha kutafutia cha Windows andika cmd, fungua dirisha jeusi litakalotokea, na uandike mstari huu kama ulivyo, ukizingatia nafasi kati ya maneno:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Amri hii huondoa alama ya kufichwa, alama ya kusomwa tu na alama ya mfumo kwa kila faili na kila folda iliyomo katika flashi. Folda zitarejea. Njia za mkato zilizobaki zifutwe. Wakati mwingine utakuta folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu, haina hata herufi moja. Usiifute kabla ya kuifungua, maana baadhi ya virusi hukusanya mali yote ya mtu humo. Yote yakishapatikana, yanakiliwe kwanza mahali pengine, kisha flashi ndiyo ifomatiwe. Kufomati si kosa. Kosa ni kukutanguliza.

Tunasisitiza kwamba herufi katika amri hiyo iwe ya flashi. Ukiandika C badala ya E utakuwa umeuvua mfumo wenyewe mapazia yake, na mafaili mengi ambayo hayakupaswa kuguswa yatabaki wazi mbele ya yeyote anayetumia kompyuta, watoto wakiwamo.

Na kama flashi ilishafomatiwa? Usiiandikie kitu kingine chochote. Ufomatiji wa haraka, ambao ndio unaofanywa na watu wengi, hufuta orodha ya mafaili lakini maudhui yenyewe hubaki mahali pake hadi yatakapofunikwa na mengine. Zipo programu zinazoweza kuyafufua, na fundi mwaminifu anazo. Kila wimbo mpya utakaoweka humo unapunguza uwezekano huo.

Mafaili ambayo hayapaswi kuguswa

Mtu akishajifunza kuondoa mapazia yote mawili, ataona vitu ambavyo hajawahi kuviona, vyenye majina ya ajabu na ukubwa wa kutisha, na wazo la kwanza litakalomjia ni kwamba huyu ndiye mwizi wa nafasi yake. Wengi hufuta. Wengine hawafuti kwa wazo lao wenyewe bali kwa kuambiwa. Mwaka 2002 ulienea duniani kote ujumbe wa barua pepe uliowaonya watu juu ya kirusi kilichojificha katika faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo. Watu waliambiwa wakilitafuta watalikuta, wafute, kisha wawatahadharishe marafiki zao wote. Walilitafuta, wakalikuta, wakafuta. Walilikuta kwa sababu lilikuwa faili halali la Windows, lililokuwamo katika kompyuta nyingi tangu mwanzo. Ujumbe wa namna hiyo leo hupitia katika makundi ya WhatsApp, nao una sura ile ile: humwambia mtu afute kitu kwa ushahidi kwamba kitu hicho kipo.

Faili kubwa kuliko yote atakaloliona mtumiaji huenda likawa pagefile.sys, na kazi yake inaeleweka vyema kwa mfano wa fremu za Kariakoo. Fremu ni nyembamba. Mbele pana nafasi ya kupanga vitenge vichache tu, na marobota mengine yako stoo ghorofani. Mteja akitaka rangi isiyokuwapo, kijana hupanda kuichukua na ile isiyoulizwa hupandishwa. Kumbukumbu ya kompyuta ni ile fremu, na pagefile.sys ni stoo. Programu nyingi zikifunguliwa kwa pamoja na kumbukumbu ikajaa, Windows huhamishia humo kile ambacho hakitumiki kwa wakati huo. Anayeifuta stoo haongezi nafasi ya biashara. Kwa kawaida Windows yenyewe hukataa faili hili lisifutwe wakati inatumika.

Jirani yake ni hiberfil.sys. Hili hutunza picha ya kazi yote iliyokuwa wazi pale kompyuta inapoingia katika usingizi mzito, yaani inapozimika kabisa lakini ikiwashwa inaendelea ilipoishia. Katika kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, faili hili mara nyingi huwa na gigabaiti 3 au zaidi kidogo. Kwa mwenye kompyuta mpakato katika mji ambao umeme unaweza kukatika bila taarifa, gigabaiti hizo 3 ni bima ya bei nafuu: betri ikikaribia kuisha, kazi huhifadhiwa. Mwenye diski finyu kweli, kwa mfano zile kompyuta ndogo za gigabaiti 32, anaweza kuamua kuliondoa, lakini si kwa kulifuta. Afungue lile dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, aandike powercfg /h off, na Windows italiondoa kwa utaratibu. Akibadili nia ataandika on mahali pa off.

Folda inayowatia watu hofu isiyo na sababu ni System Volume Information. Hutokea hata katika flashi mpya, ndiyo maana hudhaniwa kuwa kirusi. Si kirusi. Windows huiunda yenyewe ili kutunza kumbukumbu za diski, na katika diski kuu hutunzwa humo pia hali za zamani za mfumo, ambazo mtumiaji anaweza kurejea kwazo kompyuta ikiharibika baada ya kuwekewa programu mbaya. Desktop.ini hueleza jinsi folda inavyopaswa kuonekana, na Thumbs.db hutunza picha ndogo ndogo za utangulizi. Haya hayana uzito wowote na hayana madhara.

Ipo aina nyingine inayostahili maelezo zaidi, kwa kuwa inahusu kazi za watu. Unapoandika barua katika Word, programu huunda pembeni faili dogo lililofichwa ambalo jina lake huanza na alama ~$. Kazi yake ni kuonyesha tu kwamba waraka huo umefunguliwa na nani. Umeme ukikatika ghafla, faili hilo hubaki, na mtu hulibonyeza akitumaini kwamba ndiyo kazi yake iliyopotea. Siyo. Kazi iliyookolewa iko kwingine, ndani ya folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambamo Word huweka nakala za akiba kila baada ya dakika chache. Huna haja ya kuipekua kwa mkono. Fungua Word, bonyeza File, kisha Info, kisha Manage Document, na uchague Recover Unsaved Documents. Tunawasihi wanafunzi hasa, na makatibu muhtasi wa vikundi vya kuweka na kukopa, waikumbuke njia hii kabla hawajaanza kuandika upya kurasa arobaini.

"Nimeuziwa diski pungufu"

Mtu ananunua kompyuta mpakato ya mtumba iliyoandikwa gigabaiti 256. Anafika nyumbani, anaifungua, anaona 237 au 238. Anarudi dukani kwa hasira, na muuzaji, ambaye pengine naye hajui, anaapa kwa jina la Mungu kwamba ndivyo ilivyokuja. Mara hii muuzaji hana hatia.

Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824, lakini huandika neno lile lile, gigabaiti. Gawanya baiti bilioni 256 kwa namba hiyo ya pili utapata 238. Kwa hesabu hiyo hiyo diski ya 500 huonekana kuwa 465, na ile ya terabaiti moja huonekana kuwa 931. Kilichopungua zaidi ya hapo kwa kawaida ni sehemu zilizofichwa za diski: sehemu ndogo ya kuwashia kompyuta, ambayo mara nyingi ni megabaiti 100, na sehemu ya urejeshaji. Baadhi ya watengenezaji huweka pia sehemu kubwa zaidi yenye nakala kamili ya mfumo kama ulivyotoka kiwandani.

Hesabu hii inatusaidia pia kuutambua udanganyifu wa kweli. Upungufu wa asilimia 7 au 9 ni hesabu. Flashi iliyoandikwa gigabaiti 512, ikauzwa kwa bei ya ile ya 16, ikaonyesha 476 kwenye kioo lakini ikaanza kuharibu mafaili baada ya kujazwa robo tu, imetiwa programu ya kuidanganya kompyuta juu ya ukubwa wake. Kioo chaweza kudanganywa. Ipimwe kwa kujazwa mafaili hadi mwisho na kuyafungua yale ya mwisho, siku ile ile ya ununuzi, risiti ikiwa mkononi. Kumwuzia mteja bidhaa kwa maelezo ya uongo kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya aina hiyo.

Kwa fundi

Sehemu zilizofichwa ndizo zinazopotea kwanza kompyuta inapopelekwa "kupigwa Windows". Fundi mwenye haraka hufuta diski yote na kuigawa upya, ile sehemu ya urejeshaji ikienda na maji, na mteja hufurahi kwamba nafasi imeongezeka. Siku mfumo utakapoharibika tena, njia ya kuurejesha bila kumlipa mtu haitakuwapo. Kabla hujaiacha mashine, uliza maswali mawili: je, sehemu ya urejeshaji itabaki? Na je, mafaili yangu yatanakiliwa wapi kabla ya kazi kuanza?

Lipo pia suala la ufunguo wa Windows. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani zikiwa na Windows 8 au toleo la baadaye zina ufunguo wake ndani ya ubao mkuu wenyewe, mahali ambapo kufomati diski hakufiki. Ukiwekewa toleo linalolingana, Windows huusoma ufunguo huo na kujithibitisha. Kwa kompyuta kama hizo hakuna sababu ya kulipia ufunguo mpya, wala ya kuwekewa programu ya kuvunja uthibitisho, ile ambayo humtaka fundi azime ulinzi kwanza ndipo ifanye kazi. Programu inayodai mlinzi aondoke langoni kabla haijaingia haifai kukaribishwa, hata ikiwa ya bure.

AppData, folda tuliyoitaja katika habari ya Word, ina upande mwingine usiopendeza. Humo kivinjari hutunza nywila ulizokubali zihifadhiwe, historia ya kurasa ulizotembelea na alama zinazokuwezesha kuingia katika barua pepe bila kuulizwa tena. Mtu anaweza kufuta picha na nyaraka zake zote zinazoonekana, akaiuza kompyuta mtaa wa Aggrey akiamini ni tupu, kumbe amemkabidhi mnunuzi ufunguo wa nyumba. Hata hizo picha zilizofutwa zimehamia tu katika folda nyingine iliyofichwa, $Recycle.Bin, ambayo ndiyo lile pipa la taka. Na pipa likimwagwa, maudhui yanaweza kubaki katika diski kama tulivyoeleza kwa flashi.

Kwa hiyo kompyuta inayouzwa au kugawiwa ndugu isafishwe kwa utaratibu wa Windows wenyewe. Toka kwanza katika akaunti zako zote na unakili unavyovihitaji. Kisha ingia katika mipangilio, tafuta Reset this PC, chagua Remove everything, na kabla ya kuthibitisha fungua mipangilio ya ziada uwashe Clean data, ambayo huifunika diski ili kilichofutwa kisifufuliwe kwa urahisi. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, basi chomeka chaja. Anayenunua mtumba naye afanye hivyo hivyo kabla ya kuandika chochote chake, maana hajui mwenye mashine wa kwanza aliacha nini humo.

Fundi anayepekua, kunakili au kusambaza taarifa za mteja bila ruhusa anaweza kuwajibika chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aidha, tangu Mei 1, 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeunda Tume ya kupokea malalamiko ya wananchi kuhusu matumizi mabaya ya taarifa zao. Malalamiko yoyote husimama juu ya ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni karatasi. Dai risiti ya EFD. Unapoiacha kompyuta kwa fundi, iandikwe aina yake, namba yake ya utambulisho iliyo chini ya mashine, ukubwa wa diski na wa kumbukumbu, tatizo ulilolileta, na sentensi moja ikisema kama umeruhusu au hukuruhusu diski kufomatiwa. Nyote wawili mtie saini, na kila mmoja abaki na nakala yake.